Unataka jenereta iwake yenyewe? Muulize fundi nyutro inapita wapi

Watu wakinitafuta kuhusu ATS, yaani ile swichi inayohamisha nyumba toka umeme wa TANESCO kwenda jenereta bila mtu kunyanyuka kwenye kochi, swali la kwanza huwa bei na la pili huwa ipi nzuri. Mi nikishaifunga kwangu na kusimamia za ndugu na majirani, naona boksi lenyewe huwa halina shida sana. Shida iko kwenye waya, na hasa nyutro, ule waya unaorudisha umeme ambao laini imeupeleka kwenye vifaa.

Kwa jirani mmoja fundi alitenga vitu vya kwenda jenereta: friji, taa, pampu ya maji na soketi za sebuleni. Laini akazihamishia kwenye DB ndogo mpya, yaani boksi la kugawia umeme lenye breka, nyutro akaziacha kwenye DB ya zamani, kwake zote ni waya za bluu tu hazina tofauti. Wakiwasha, RCD, ile swichi ya usalama inayokinga watu na shoti, inatrip, yaani inakata umeme. Fundi akasema RCD mbovu, ikanunuliwa nyingine nayo ikatrip, mwisho akataka aitoe kabisa, hapo ndo nikasema hapana kaka. RCD kazi yake ni kulinganisha umeme unaoenda kwenye laini na unaorudi kwenye nyutro, vikipishana kidogo tu, za majumbani nyingi ni miliampia 30, inakata. Sasa laini umeipitisha njia nyingine, nyutro inarudi kwenye RCD ya zamani, unategemea nini? Zilipohamishwa nyutro kila moja ikafuata laini yake RCD ikatulia, ile ile ya mwanzo. Mpya iko kabatini mpaka leo.

Kwa hiyo kwa nyumba ya fezi moja nunua ATS ya poli mbili, inayokata laini na nyutro kwa pamoja, fezi tatu chukua poli nne. Halafu jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaungwa na bodi ya chuma ya jenereta wala ethi, ule waya wa kwenda ardhini, na ikiwa hivyo RCD haitakulinda siku waya ukigusa bodi ya friji. Fundi aunge nyutro na ethi huko huko kwenye jenereta na achimbie rodi ya ethi.

Saizi je? Wengi wanapiga hesabu ya jenereta peke yake. Jenereta ya kVA 10 kwa volti 230 inatoa kama ampia 43, wananunua ATS ya 50, wakati meinswichi ya nyumba ni 63. Hiyo swichi itabeba umeme wa TANESCO mchana na usiku mwaka mzima, jenereta ni mara moja moja. Chukua 63.

Kingine usichokubali kubembelezwa ni intaloki, kinga inayozuia umeme wa TANESCO na wa jenereta kuunganishwa kwa pamoja. Boksi nyingi zinazoundwa na mafundi wetu ndani ni kontakta mbili, yaani swichi kubwa zinazovutwa na sumaku ya umeme, na rilei ndogo za kuziamuru, ni sawa tu, ila kati ya zile kontakta lazima kuwe na kile kifungio cha kimakanika. Zima umeme pande zote mbili, hakikisha kwa testa, kisha sukuma kontakta moja kwa bisibisi na ujaribu ya pili: inatakiwa ikatae kabisa. Ikikubali rudisha boksi. Umeme wa jenereta ukitoroka kwenda barabarani, transfoma ile ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 400 inaupandisha kinyume, na juu ya nguzo kuna mtoto wa mtu anajua laini imezimwa. Ndo maana ule waya wenye plagi pande zote mbili wa kuchomeka kwenye soketi sitaki hata kuuona.

Waya mbili za kuamuru jenereta iwake pitisha kwenye paipu yake, mbali na kebo kubwa, na zisipelekewe volti 230, ATS inazigusanisha tu jenereta inawaka, ikiziachia inazima. Jenereta ya kuvuta kamba haitaweza haya. Betri nayo iwe na chaja inayokula umeme wa nyumba, jenereta ikikaa wiki kadhaa bila kuwaka betri inakufa kimya kimya.

Taima: kwangu inasubiri sekunde kumi kabla ya kuwasha, maana umeme ukipepesa tu sitaki jenereta ikurupuke, na umeme ukirudi inasubiri dakika tano ndo inahama, kisha jenereta inazunguka kidogo bila mzigo ipoe. Volti zikishuka chini ya 195 nayo inahesabu umeme umekatika, friji linashukuru.

Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Na kabla hujammalizia hela yake zima meinswichi mwenyewe huku AC na pampu zinatembea, asikuonyeshe kwa taa moja, maana motor ikianza inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida na hapo ndo utajua jenereta inabeba au inakohoa.