Seli za kinga hupenyaje hadi kwenye mishipa ya limfu?

Swali: Nasoma uuguzi, mwaka wa pili. Mtu akichanjwa begani, kesho yake au keshokutwa tezi za kwapani zinaweza kuvimba. Tumefundishwa kwamba seli za kinga "huhamia kwenye limfu". Zinaijuaje njia, na zinapenyaje ukuta wa mshipa?

Jibu: Si kila seli ya kinga hufunga safari hii. Msafiri mkuu ni seli ya dendriti, inayokaa kwenye ngozi na tishu nyingine ikipekua kila kinachopita. Ikinasa kipande cha kijidudu au cha chanjo, hubadilika: hupunguza kumeza vitu, kisha huweka juu ya utando wake kipokezi kiitwacho CCR7. Kuta za mishipa ya limfu, ile inayobeba majimaji kutoka kwenye tishu, nazo hutoa kemikali iitwayo CCL21. Kemikali hiyo hunata kwenye tishu, kwa hiyo huwa nyingi karibu na mshipa na hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Kwa CCR7 seli huihisi kemikali hiyo na hufuata inakozidi. Kwa panya wasio na CCR7, ni seli chache mno za ngozi zinazofika kwenye tezi.

Kuhusu kupenya, wengi huchanganya na mshipa wa damu. Ili itoke kwenye damu, seli nyeupe hujishikiza ukutani kwa protini za integrini, ndipo ipenye. Kapilari ya limfu, yaani mshipa mdogo kabisa wa limfu, ni kitu kingine kabisa. Seli za ukuta wake zimeshikana hapa na pale tu, kama shati lililofungwa vifungo, na katikati huachwa upenyo. Seli ya dendriti hujinyonganyonga, hupitisha kiini chake (hiyo ndiyo kazi ngumu), ikaingia. Mwaka 2008 watafiti waliondoa integrini zote kwenye seli za dendriti za panya, na bado zilifika kwenye tezi. Palipo na uvimbe, hata hivyo, integrini husaidia.

Ndani ya kapilari mtiririko ni hafifu, kwa hiyo seli hutambaa yenyewe mpaka ifike kwenye mishipa mikubwa yenye vali. Hapo hubebwa.

Sasa lile kwapa. Safari hii huchukua siku moja hadi tatu hivi, lakini sehemu ya chanjo hutiririka yenyewe na limfu na kufika ndani ya saa chache. Tena, kinachoivimbisha tezi zaidi ni limfosaiti, aina ya seli nyeupe za kinga: huingia kutoka kwenye damu, huzuiwa kutoka kwa muda, na zile zinazoitambua chanjo huanza kuzaana humo humo.