Magazeti na Kampeni za Urais: Maswali Yenu

Nikipita Tom Mboya kwa muuza magazeti naona picha kubwa ya mgombea yule yule. Si wamenunuliwa hao? (Msomaji, Kayole)

Ukubwa si hoja, ndugu yangu. Tazama ilivyopigwa. Mkutano wa Jacaranda kule Embakasi saa nne asubuhi ni vumbi na viti. Saa tisa hakuna pa kukanyaga. Mpiga picha anazo zote mbili kwenye kamera, lakini anayechagua ni mhariri. Akimpenda mgombea, utaona umati kutoka juu ya gari. Asipompenda, utaona mgombea akipangusa jasho. Zote mbili ni za kweli, na hapo ndipo penye ujanja. Chukua magazeti mawili ya siku moja uyalinganishe. (Bei imepanda, najua. Azima la jirani.)

Wenye magazeti si ndio wanasiasa wenyewe? (South B)

Si siri. Familia ya Moi imehusishwa na The Standard kwa miaka mingi, na ya Kenyatta na People Daily. Zamani chama cha KANU kilikuwa na lake, Kenya Times, na angalau ulijua unasoma la nani. Mimi naogopa zaidi matangazo. Serikali ni mteja mkubwa, na wizara zikikawia kulipa au zikihamisha matangazo, mhariri huanza kupima maneno.

Kuna utafiti wowote, au ni maneno ya kibanda cha chai? (Umoja)

Upo, wa Marekani. Mwaka 2000 watafiti D'Alessio na Allen walijumlisha tafiti 59 za kampeni za urais kuanzia 1948. Waliangalia habari zinazoteuliwa, nafasi anayopewa kila mgombea na kauli zinazomsifu au kumponda. Kwa magazeti hawakupata upendeleo wa maana kwa chama chochote. Lakini hayo ni ya jumla: moja likiegemea huku na jingine kule, hesabu inasawazika, na wewe nyumbani unasoma moja tu.

Na wagombea wadogo? (Kawangware)

Hao ndio wanaoonewa waziwazi. Mwaka 2022 hapa Kenya wagombea wa urais walikuwa wanne, lakini ungedhani ni wawili. Hata mdahalo uligawanywa kwa kura za maoni, waliokosa asilimia 5 wakatengewa kipindi chao. Kati ya hao wadogo wawili, George Wajackoyah akagoma, David Mwaure akabaki peke yake. Baadaye Raila naye hakutokea, Ruto akasimama peke yake. Wajackoyah aliandikwa sana, lakini kwa ahadi zake za kuhalalisha bangi na kufuga nyoka. Mwaure hakuwa na nyoka, kwa hiyo ni wangapi wanaokumbuka sera zake?

Nikiona jina la mwandishi najua anaegemea wapi. (Kasarani)

Hujui. Unajua kwao tu. Uliza nani alimlipia usafiri. Wanahabari wengi hufuata kampeni kwa magari na helikopta za wagombea wenyewe, na msomaji haambiwi. Mstari mmoja chini ya habari ungetosha.