Shoka la babu usilitie motoni

Jumatatu usiku nilipokea ujumbe wa kijana mmoja kutoka Urambo. Alianza kwa heshima, "Shikamoo kaka," kisha akanipa habari iliyoninyima usingizi. Mpini wa shoka la marehemu baba yake ulivunjika, kipande kikabaki ndani ya tundu. Jirani akamwambia alitupe shoka kwenye mafiga usiku kucha, kipande kiungue, asubuhi akung'ute majivu. Akafanya hivyo. Sasa aliniuliza mambo mawili: akate mti gani wa mpini mpya, na kwa nini tupa inalila lile shoka "kama inakula sabuni."

Nilimjibu usiku uleule, lakini swali lake la pili ni historia yangu mimi. Na wewe unayesoma hapa najua una shoka la mzee limelala stoo, halina mpini, lina kutu, na kila ukirudi nyumbani unajiambia safari hii nalifufua. Basi nisikilize kabla hujawasha moto.

Mwaka 2014 Bibi alinikabidhi shoka la babu, kule Usangi. Kichwa kitupu, kimefungwa kwenye gunia. Ubavuni zilisomeka kwa shida herufi za UFI, yaani kile kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina enzi za Mwalimu. Ndani ya tundu kulikuwa na kipande cha mpini wa zamani kilichogongelewa misumari minne, kila mmoja wa miaka yake. Nikafanya kama kijana wa Urambo: motoni. Kilipotoka chekundu nikakimwagia maji, moshi ukafuka, nikajiona fundi. Kisha nikakipeleka kwa mchomeleaji hapa Moshi, akakipiga grenda dakika kumi. Makali yaling'aa, pembeni yana mstari wa bluu mzuri kama upinde wa mvua. Nikapiga picha.

Miezi miwili baadaye kukatokea msiba kwetu. Mnajua msibani wanaume kazi yetu ni kuni. Nikalitoa shoka langu mbele ya wajomba, mashemeji na vijana wa ukoo, nikasimama kwenye gogo la mkaratusi. Pigo la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu likagonga kifundo, kona ya makali ikavunjika kama kipande cha chungu, na kule kwenye ule mstari wa bluu pakakunjwa kama kifuniko cha mkebe. Kimya. Halafu shemeji yangu mmoja akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Hilo ni la kukatia ndizi?"

Sisi Wapare mnatujua kwa ubishi. Mwingine angecheka yaishe. Mimi mpaka leo kwenye vikao vya ukoo wapo wanaoniita Mkata Ndizi, na mpaka leo nikilikumbuka lile gogo masikio yanapata moto. Kila ninachokijua kuhusu mashoka nimekijua kwa sababu ya shemeji yule. Sijamshukuru na sina mpango.

Nikalipeleka Ugweno kwa mzee mmoja mhunzi. Kwa wasiojua, Upareni uhunzi si kazi ya pembeni. Ukoo wa Washana, wahunzi, ndio waliotawala Ugweno zamani kabla ya Wasuya kuwapindua, na Wachaga walikuwa wakipata chuma kutoka kwetu. Mzee alilichukua shoka, akapitisha tupa mara moja tu kwenye sehemu ya bluu, akanirudishia. "Mjukuu wangu, hili umelipika." Kisha akanieleza kwa lugha ambayo hata mtoto angeelewa: makali ya shoka yamekazwa kwa moto na kulegezwa kidogo kwa moto, na kila joto unaloongeza baadaye linabomoa ile kazi. Chuma kilichosafishwa kikipashwa hugeuka rangi: kwanza manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu kwenye nyuzi joto kama 300. Ukiona bluu kwenye makali, ugumu umeshaanza kuondoka. Ukiliacha likalala kwenye makaa usiku kucha likapoa polepole, umebaki na kipande cha chuma laini chenye sura ya shoka. Na ukilimwagia maji likiwa jekundu, kama mimi, linakuwa kama kioo. Mimi nililifanya kioo kwanza, kisha grenda ikalainisha ukingo. Madhambi mawili kwenye shoka moja.

Alilifufua. Nilivuta mvukuto mwenyewe mpaka mabega yakauma. Alikuwa na sumaku ya spika mbovu kwenye waya. Makali yakiwa mekundu anaisogeza, ikishika anarudisha motoni, ilipoacha kushika akayazamisha kwenye oili. Akasugua ubavu kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akapasha kisogo tu, na tukakaa tunatazama rangi zikitembea kutoka kisogoni kuelekea makalini. Kahawia ilipofika ukingoni na zambarau ikiwa nyuma yake, akalitia majini. Akanipa tupa nijaribu. Ilikwaruza kidogo kidogo, ikilia. Sikuwahi kufikiri ningefurahia tupa inayokata kwa shida.

Kwa hiyo kipande cha mpini kitoe bila moto. Kata mpini karibu na kichwa kwa msumeno, toboa tundu tatu nne kwa drili au keekee, kisha gonga kwa kipande cha nondo kutokea upande wa chini kwenda juu. Misumari ikikukwamisha, chukua muda. Wazee wengine hufukia makali kwenye udongo uliolowa, tundu likabaki juu, wakawasha kamoto kadogo juu yake. Inawezekana, lakini baada ya yaliyonikuta mimi sitaki kuona kiberiti karibu na shoka.

Kutu ni jambo dogo. Dumu la mafuta lililokatwa katikati, siki, shoka ndani usiku mmoja. Asubuhi brashi ya waya, sabuni, likaushe juani, pakaa mafuta hapohapo maana litaanza kutu ukiwa unalitazama. Kisogo kilichofumuka kama uyoga kwa kugongwa nyundo, kiondoe kwa tupa, vile vipande huwa vinaruka na macho hayana spea. Kunoa pia ni tupa, unasukuma, huvuti, halafu kinoo chenye maji. Grenda mrudishie mchomeleaji.

Tuje kwenye mpini, maana hapa ndipo nilipofeli mara ya pili.

Kwanza kisa cha utotoni. Juu ya dari ya jiko la Bibi, pale kwenye moshi, siku zote palikuwa na magogo membamba yamepangwa. Nikiwa na miaka tisa nilichukua moja nikachomea mahindi. Babu alinichapa kwa kitu ambacho sikukielewa. Kuni ni kuni, niliwaza, tena hizi zimekauka vizuri. Nililia, nikamchukia wiki nzima.

Basi 2014, nikiwa nimetoka kwa mhunzi na shoka linalokata nywele za mkono, nikaona mpera nyuma ya nyumba, nikaukata asubuhi, jioni nikawa na mpini. Mpera ndio mti wenyewe, hilo sikukosea: mgumu, una nyuzi zilizoshikana, unapokea mshindo bila kukutetemesha viwiko. Wamarekani wana hikori yao, Waingereza wana eshi, sisi tuna mpera unaootea jalalani na tunaula matunda tu. Ulikaa vizuri kwenye tundu, nikapiga kabari, nikatembea nao kama bwana harusi. Wiki ya tatu kichwa kikaanza kucheza. Jirani akanipa dawa ya kila mtu: loweka kwenye ndoo usiku kucha. Kikakaza! Baada ya siku mbili kikacheza zaidi. Nikaloweka tena. Siku ya nne nikiwa nimeinua shoka juu ya kichwa nikahisi mikono imekuwa myepesi. Kichwa kilikuwa kimeshaondoka. Kilipita juu ya ua, kikatoboa bati la banda la kuku la jirani yuleyule wa ndoo.

Mti mbichi una maji, maji yakiondoka mti unanywea. Ukiuloweka, unavimba ndani ya chuma ambacho hakipanuki, nyuzi zinajibana zenyewe na kusagika, ukikauka unabaki mwembamba kuliko mwanzo. Kila ndoo ya maji unaikopa kwa riba. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango na ule mpini mtupu mkononi, ndipo nikakumbuka magogo ya dari na fimbo ya babu. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili.

Chukua shina, si tawi. Lipasue kwa kabari, usilipasue kwa msumeno, kwa sababu kabari inafuata nyuzi na msumeno haujali. Mpini ambao nyuzi zake zinatokeza ubavuni katikati ya njia utakatikia hapohapo. Paka rangi iliyobaki kwenye ncha zote mbili zisichanike, weka mahali penye hewa na kivuli, kisha sahau. Mafundi husema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Najua hutaki kusikia. Na mimi sikutaka.

Kuchonga ni panga, tezo au randa, ulicho nacho, na mwisho kigae cha chupa, hakuna msasa unaokifikia. Mnaniuliza sana kuhusu mpingo. Waachieni wachongaji na watengeneza klarineti, ni mzito na hauna huruma na mikono. Msindano usinitajie.

Sasa kuna kitu kimoja nakipenda kuliko vyote katika kazi hii. Ukishaingiza mpini kidogo, usigonge kichwa kishuke. Shika shoka hewani, kichwa kikiwa chini hakigusi kitu, halafu gonga kitako cha mpini huku juu kwa nyundo ya mti. Watu wanasema kichwa kitaanguka. Kinapanda! Chuma kizito kinabaki palepale, mpini ndio unaoshuka ndani yake, na kila pigo kinakaza zaidi. Nimeshashindia soda nyingi kwa mchezo huu. Kisha kabari ya mti mkavu kwenye mpasuo uliouacha juu, ipigwe mpaka sauti ibadilike iwe kavu. Msumari hapana. Msumari unachana mpini na unaalika kutu. Malizia kwa mafuta ya linsidi ya duka la rangi, paka, futa, kesho tena. Matambara uliyofutia yatandaze nje, usiyakunje pamoja, yanaweza kuwaka yenyewe.

Mwaka jana wenye kambi moja ya watalii, sitaitaja, walinipa mashoka 24 ya kufufua. Nikawaambia mipini mikavu ninayo kumi tu, mingine wasubiri. Wakasema hawana muda, weka yoyote. Nikakataa. Wakachukua kumi yaliyokamilika kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi huo haujafika mpaka leo. Yale 14 wakampa mtu mwingine akayatia mipini mibichi kwa siku mbili, akalipwa taslimu. Nasikia mlinzi wao sasa analoweka mashoka kwenye ndoo kila jioni. Niseme nimefurahi? Nisiseme. Ila ninyi vijana mnaoniandikia "kaka kuna njia ya mkato" mnanikumbusha wale watu. Mnataka shoka leo, hela leo, sifa leo. Mmeshika simu masaa sita kutafuta namna ya kukausha mti kwa siku moja, na katika masaa hayo sita hakuna aliyekata hata mpera mmoja na kuuweka darini. Babu yangu hakusoma hata darasa moja na alikuwa na mipini ya miaka mitatu mbele.

Nimepandisha sauti. Kijana wa Urambo hana kosa, alisikiliza mkubwa wake.

Nimemwambia hivi: asinunue mti wowote kwanza. Atafute mhunzi, aende na tupa yake, aombe makali yakazwe upya, na asimame pale aone rangi zikitembea. Kama makali hayajapasuka, shoka la baba yake litarudi. Wakati huo akate mpera wake aanze kuusubiri.

Wikiendi hii nilipanda Usangi kumsalimia Bibi. Darini kuna magogo saba, niliyaandika tarehe kwa chaki. La zamani kuliko yote lina miaka miwili na nusu. Nililishusha, nikaligonga kwa kucha, nikalirudisha, na chini ya tarehe nikaongeza neno Urambo. Akinitumia habari kwamba tupa sasa inakata kwa shida, nalipakia kwenye basi. Wajukuu wa Bibi walikuwa wanachoma mahindi, nikawaonyesha magogo ni yapi. Mmoja akauliza, "Kwani ni ya nini?"

Nikamwambia aje nimwonyeshe kabari.