Umepuliza dawa ya kuzuia mende kuzaliana na bado unawaona? Soma hapa

Mkuu uliyeuliza juu: unasema fundi alipuliza jikoni dawa ya kuzuia mende wasizaliane, mwezi umekatika na bado wanakatiza juu ya jiko, na sasa unahisi umetapeliwa. Hujatapeliwa. Mimi kazi yangu ni kupuliza dawa majumbani hapa Dar, na swali hili wateja wananiuliza kila mara.

Angalia chupa. Ukikuta haidropreni au piriproksifeni, hiyo haiui mende mkubwa. Inaiga homoni ya utoto. Kwa kawaida homoni hiyo hupungua mwilini ili mende mdogo, akijivua gamba mara ya mwisho, awe mkubwa mwenye uwezo wa kuzaa. Dawa ikimkuta karibu na hatua hiyo, mwili unadanganyika. Anatoka na mabawa yaliyokunjamana, na mara nyingi anakuwa tasa.

Tatizo ni majike waliokuwa wakubwa tayari. Hawa mende wadogo wa kahawia wa jikoni, jike akishapandwa mara moja huhifadhi mbegu na kuendelea kutaga. Kifuko kimoja kina mayai 30 hadi 40, tena hakiachi ovyo, anatembea nacho kimechomoza nyuma mpaka yakaribie kuanguliwa. Watoto hao nao wanahitaji kama miezi 2 kukua. Kwa hiyo mwezi mmoja ni mapema mno kuhukumu. (Ukikuta chupa imeandikwa lufenuroni, hiyo ni dawa ya kundi jingine: inaharibu utengenezaji wa gamba, mtoto anafia katikati ya kujivua.)

Nikirudi kwa mteja huwa nachomoa droo na kumulika nyuma ya friji, pale kwenye mota penye joto. Nikikuta wakubwa wenye mabawa yaliyojikunja, roho yangu inatulia, dawa imefika.

Kuwapunguza wakubwa, mwambie fundi aongeze jeli ya chambo kwenye bawaba za makabati na chini ya sinki. Na nakuomba sana, usipulize dawa ya kopo la dukani juu ya jeli. Mende wanaikimbia na chambo kinakuwa bure.

Weka mitego ya gundi pembeni mwa jiko, uikague kila wiki. Miezi 3 ikipita na bado vitoto vinanasa kwa wingi uleule, ongea na majirani. Kwenye nyumba za kupanga wanapita kwenye mabomba, na kupuliza chumba kimoja hakutoshi.