Bakapu kwenye kompyuta ya watu wengi: uweke "mimi tu" au "watumiaji wote"?

Mkuu nimeelewa swali lako, kompyuta moja ya ofisi, Windows, watu watatu kila mtu na akaunti yake, na programu ya bakapu wakati wa kuinstoli inakuuliza uiweke kwa ajili yako tu au kwa watumiaji wote. Umefanya la maana kusimama hapo ukauliza, mimi sikuuliza.

Kuna ofisi ndogo nilikuwa naihudumia Morogoro, sekretari, mhasibu na bosi wote mashine moja. Nikachagua "mimi tu" kwa sababu haikudai paswadi ya admini na mwenye paswadi alikuwa safari, nikaiweka kwenye akaunti ya sekretari, nikapanga ipige kazi saa 4 usiku ofisi ikiwa imefungwa, nikajiona fundi. Kumbe sekretari saa 11 jioni anatoka kwenye akaunti yake kabisa ndo anaenda kupanda daladala, na programu iliyokaa kwa mtumiaji mmoja inaamka yeye akiingia inalala yeye akitoka. Saa 4 usiku feni inazunguka, taa inawaka, bakapu hakuna. Asubuhi akiingia inafidia ya jana ila inabeba vya kwake tu, ikifika folda ya mhasibu ndani ya C:\Users inakuta hairuhusiwi kusoma, inaandika kamstari kwenye logi, inaruka, mwisho inakuwekea tiki ya kijani. Ile tiki ndo iliniponza. Hadidiski ilivyokufa tulirudisha barua zote za sekretari mpaka kadi za mwaliko wa kipaimara, mahesabu ya mhasibu ya miezi mitano hayakuwepo. Hakunigombeza, aliniangalia tu, bora angenigombeza.

Toka siku ile lile swali nalisoma hivi: nani atakayesoma mafaili, na atakuwa macho saa ngapi. Habari ya ikoni itokee desktopu ya nani ni ndogo sana.

Sasa usikimbilie "watumiaji wote" ukadhani umemaliza. Programu nyingi ukichagua hivyo zinachofanya ni kuhamia Program Files ili kila mtu aione, lakini kazi bado inafanyika kwa jina la aliyeingia, kwa hiyo tatizo langu la saa 4 usiku liko palepale. Unachotafuta ni ile iendeshwe kama sevisi, inayoanza kompyuta ikiwaka hata kama hakuna aliyeingia. Fungua Task Manager, kile kitufe cha Details, angalia safu ya jina la mtumiaji mbele ya programu yako: ukikuta SYSTEM (akaunti ya Windows yenyewe, siyo ya mtu) safi, ukikuta jina la sekretari bado hujafika. Na kingine, faili likiwa wazi, mfano lile la PST la Outlook linalotunza barua pepe, bila VSS (huduma ya Windows inayopiga picha ya diski ili hata faili lililo wazi likopike) halikopiki vizuri, na VSS inataka haki za admini. Programu ya "mimi tu" ya mtumiaji wa kawaida haina hizo.

Sevisi nayo ina vituko vyake. Cha kwanza kilichonipata ni draivu Z. Nilikuwa nimeiunganisha na hadidiski ya kwenye mtandao, mimi naiona, sekretari anaiona, bakapu inalia haipo. Nimehangaika nusu siku nabadilisha kebo ya ruta. Zile herufi za draivu za mtandao ni mali ya mtu aliyeingia, SYSTEM haizijui, kwa hiyo andika njia nzima, \\jina-la-seva\bakapu, na yuza na paswadi ya kule uiweke kwenye programu yenyewe.

Cha pili ndo kibaya zaidi. SYSTEM inasoma kila kitu, sasa kama ukurasa wa programu unafunguka bila paswadi, yeyote aliyekaa kwenye kile kiti anaweza kurudisha faili la bosi kwenye desktopu yake. Mi nilishtuka siku nasikia watu wanajuana mishahara. Weka paswadi ya programu kabla hujaondoka pale, na folda ya bakapu uiruhusu SYSTEM na admini tu (ikiwa kwenye mtandao, ile yuza uliyoiweka kwenye programu), hiyo inakusaidia hata kirusi cha kufunga mafaili kikiingia kupitia akaunti ya mtu wa kawaida, kitaharibu vyake ila bakapu itakishinda kuigusa.

Halafu kuna mtego wa kuchekesha: uko kwenye akaunti ya sekretari, unabofya kulia unaendesha kama admini, unaandika paswadi ya bosi, kisha unachagua "mimi tu". Hapo "mimi" ni bosi! Programu inaenda kukaa kwenye AppData ya bosi (folda ya programu na mipangilio yake binafsi), unatafuta ikoni huioni, unainstoli tena, unaishia na mbili.

Laptopu yako binafsi unayotumia peke yako? Weka "mimi tu" tena usiumize kichwa, vya kwako vyote inavisoma, yale yaliyo wazi kama PST uyafunge kwanza, na kama haujaingia hakuna kipya cha kubakapu. Wa Linux ni yaleyale, kazi ya root (admini wa Linux) inasoma vyote ila funguo za SSH, zile za kuingilia seva nyingine, inazitafuta kwenye /root siyo kwako, na taima ya systemd (kipanga ratiba cha Linux) ya mtumiaji inataka loginctl enable-linger isizime ukitoka. Kama unatumia restic, programu ya bakapu, na hupendi iendeshwe na root, tengenezea yuza wake na uipe ruhusa ya cap_dac_read_search, inasoma kila faili bila kuwa root.

Kwako wewe: watumiaji wote, kama sevisi. Ukimaliza tokeni kwenye akaunti zote tatu, acha kompyuta kwenye ile skrini ya kuchagua jina usiku mzima, kesho yake rudisha faili moja la kila mtu, hasa la mhasibu, ulifungue kwa macho yako. Tiki usiiangalie.