Mkono begani, kutoka Free Area hadi Pipeline

Miezi miwili baada ya ajali, mguu ulikuwa umepona lakini honi ya trela bado ilikuwa inanimaliza. Nikiisikia tu nyuma yangu, vidole vinakufa ganzi kwenye klachi, jasho linanitiririka, naegesha pikipiki kando ya barabara kuu kama mtu aliyeishiwa mafuta. Kuna abiria wawili walioshuka wakaenda zao bila kulipa. Sikuwalaumu.

Stejini kwetu Free Area, hapa Nakuru, ushauri haukosekani. Jikaze kisabuni. Mwanaume haogopi barabara. Jamaa mmoja kila asubuhi alitaka nimsimulie ajali upya, tena kwa nia njema kabisa, na kila nikisimulia nashinda siku nzima mikono ikitetemeka. Jioni nafika nyumbani nawafokea watoto kwa sababu ya kijiko kilichoanguka.

Aliyenisaidia ni mzee wa stej, mtu wa maneno machache. Siku moja aliegesha pikipiki yake, akavaa helmeti ya abiria, akapanda nyuma yangu. "Twende Pipeline, kijana. Mafuta juu yangu." Trela la kwanza lilipotukaribia likipiga honi, aliniwekea mkono begani. Hakusema usiogope. Aliuweka tu, mzito, kama anayeshikilia gunia la viazi lisidondoke. Moyo ulidunda vilevile, ila safari hii sikuegesha.

Dada yangu mdogo anasomea saikolojia pale Egerton, Njoro. Nilipomsimulia alicheka, akasema mzee amerudia utafiti wa mwanasaikolojia James Coan bila maabara. Mwaka 2006, Coan na wenzake kule Marekani walichapisha matokeo yao: wanawake 16 walioolewa walilazwa ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo, wakijua kwamba ikitokea X nyekundu huenda wakapigwa shoti ya umeme mguuni. Mara walikuwa peke yao, mara wameshika mkono wa mtu wasiyemjua, mara mkono wa mume. Mkono wa mgeni ulituliza ubongo kidogo, wa mume ukatuliza zaidi. Na kwa wale waliokuwa na ndoa yenye maelewano, utulivu ulizidi.

Kilichonishangaza ni maelezo ya Coan. Nilidhani mwenzako anakupa nguvu ya kuibana hofu, kumbe Coan anaona ubongo haulazimiki kubana sana. Ukihisi kuna mtu wa kubeba nawe, unaihesabu hatari kuwa ndogo tangu mwanzo. Hata sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ambayo hutumika kujizuia, inapunguziwa kazi. Mtu mpweke anafanya kazi ya watu wawili kichwani, halafu tunamwambia ajikaze!

Kwa hiyo ukiwa na rafiki aliyeumia, usimwendee na hotuba. Nenda na kazi: mkachambue naye sukuma, msindikize sokoni, panda nyuma ya pikipiki yake. Na wewe uliyeumia, chagua. Si kila anayekupenda anakutuliza. Yule jamaa wa kila asubuhi nilimwambia, "Ndugu yangu, leo tuongee mpira," na hakukasirika hata kidogo. Nadhani alikuwa hajui aseme nini kingine. Usingizi nao ukikukimbia wiki baada ya wiki, nenda kliniki. Mimi nilichelewa kwenda kwa aibu tu, na hiyo aibu haikunilipia hata deni moja.

Na mzee tulizunguka naye karibu wiki mbili, asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja. Siku ya mwisho matrela matatu yalitupita yakifuatana, na ni baada ya la tatu nilipogundua begani hakuna kitu. Nikatazama kwenye kioo. Mzee alikuwa amekaa mikono miwili mapajani, anamenya njugu, maganda yanapeperuka nyuma yetu.