Gitaa kwenye moto wa ufukweni: beba nyimbo zinazopokeleka

Mkuu, nimekuelewa: umehamishiwa Mtwara kikazi, una gitaa na kodi nne, yaani mishiko ya noti zinazolia pamoja (G, C, D na Em), na Jumamosi ijayo mnamuaga mwenzenu wa ofisini kwa moto na samaki kule Msimbati. Unataka nyimbo ambazo watu wataimba pamoja nawe badala ya kuinamia simu. Waliotangulia kujibu wamekupa orodha ndefu, mmoja kafika hadi nyimbo hamsini. Sina ugomvi nao, ila naona wamemtazama mpigaji tu: upi rahisi kwa vidole, upi una solo tamu. Mimi nimekulia Mikindani, na gitaa kavu nimelipiga kwenye vikao vya namna hii tangu ujana. Kabla ya kubeba wimbo najiuliza jambo moja: hawa waliokaa mkekani watafanya nini nikiuanza? Jibu likiwa "watasikiliza", wimbo unabaki nyumbani.

Mtu wa Kusini hana mazoea ya kuimbiwa, amezoea kupokea. Ngoma zetu nyingi zinakwenda hivyo: mmoja anatoa, wengine wanaitikia, na mwitikiaji hahitaji kujua zaidi ya maneno machache. Kwa hiyo tafuta wimbo wenye kiitikio kifupi, kinachokuja mapema na kurudi vilevile kila mara. Beti ziwe mzigo wako. Ukisahau ubeti wa tatu, rudia wa kwanza, hakuna atakayekudai.

Kwa kigezo hicho, hazina kubwa kuliko zote sijaiona kwenye orodha ya mtu yeyote humu, nayo ni mchakamchaka. Waliosoma shule ya msingi nchi hii karibu wote wamekimbia asubuhi wakiimba, na waliopita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) wanazo za kutosha kukesha. Zile nyimbo ni za watu wanaohema, ndiyo maana mistari ni mifupi, sauti haipandi sana, na kiongozi ana ruhusa ya kubuni maneno papo hapo. Kodi zake hutazikuta zimeandikwa popote, lakini nyingi zinakaa vizuri juu ya G na D, unaongeza C pale sikio linapokudai. Piga kwa mwendo wa miguu inayokimbia, kisha cheza na majina: mtaje mnayemuaga, mtaje aliyechelewa kuleta mkaa, na bosi naye mtaje, ila kwa adabu.

Nilishuhudia hili Shangani, ile ya Mtwara. Kijana mmoja, fundi wa gitaa kuliko mimi kwa mbali, alipiga utangulizi wa solo usio na doa. Watu wakampa makofi ya heshima, wakarudi kwenye soga zao. Aliyewaamsha ni mama mmoja aliyekuwa anageuza samaki. Akaanzisha mchakamchaka wa shuleni kwao, koleo bado liko mkononi, na kabla hajamaliza mstari wa pili mkeka mzima ulikuwa unamjibu. Kijana alikuwa na akili, akaacha solo, akatafuta sauti ya mama imekaa wapi (ilikuwa karibu na A), akaanza kukung'uta kodi mbili tu. Samaki waliungua na hakuna aliyelalamika.

Tanzania, Tanzania, ule wa shuleni, nao uko kundi hilo. Mwendo wake ni wa pole, lakini ubeti wa kwanza hauna asiyeujua, na watu wazima huuimba kwa hisia kuliko unavyotegemea, hasa usiku ukiwa umesogea.

Sasa dansi, muziki wa bendi za zamani. Wakiwepo watu wa umri wangu na kupanda, utaombwa Marijani Rajab, utaombwa Mbaraka Mwinshehe, ambaye alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979 na bado watu wanamwimba kama yuko ziarani. Uziheshimu nyimbo hizo na uziogope kidogo. Bendi zile zilikuwa na gitaa la solo, rizimu na besi, tumba, mara nyingi na matarumbeta. Wimbo unaanza na sehemu ya kuimba, halafu unaingia kwenye chemko ambako magitaa yanajibizana. Wewe una gitaa moja. Ukijaribu kubeba chemko peke yako dakika tatu zitakuwa ndefu kama foleni ya benki. Chukua nusu ya kwanza, ikifika mwisho wa kuimba rudi kwenye kiitikio, funga. Kwa kodi zako ningeanza na Sina Makosa wa Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika kule Nairobi mwaka 1978. Unabebeka kwa kodi tatu, na jina la wimbo ndilo watu wanalosubiri kulipokea. Ile solo yake maarufu, kama huna mtu wa kuipiga, iimbe kwa mdomo. Watu watakusaidia, hata wasiojua neno moja la ubeti.

Malaika utapendekezewa na kila mtu. Mabishano ya nani aliutunga hayajaisha, lakini Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akautembeza duniani, na Boney M nao wakautoa mwaka 1981. Kodi tatu zinatosha. Kasoro yake ni kwamba una noti ndefu, na kila kikao kina mtu mmoja anayeamini ameumbwa kuuimba peke yake. Uweke katikati ya usiku, si mwanzo. Halafu ni wimbo wa mtu asiye na mali ya kuoa. Ukiuimba huku kipindi cha minada ya korosho, wenye mikorosho watakutania mpaka asubuhi.

Jambo Bwana ni hesabu tofauti. Them Mushrooms waliutoa mwaka 1982 na ulikua na watalii wa hoteli za pwani ya Kenya. Kama kwenye kikao chenu kuna wageni wa nje, wale wa kwenye mambo ya gesi kwa mfano, utawaunganisha na wenyeji ndani ya dakika moja. Wakiwa wenyeji watupu, uache. Mtu wa Msimbati kukaribishwa kwa wimbo kwenye ufukwe wake mwenyewe, hapana.

Bongo Fleva watu wanaijua kiitikio kizima na beti robo. Usipigane na hilo. Anza moja kwa moja na kiitikio, weka ubeti mmoja, rudi kwenye kiitikio mara mbili, ondoka kabla hawajachoka. Huku utaombwa Aiyola wa Harmonize, wa mwaka 2015, kwa sababu jamaa ni mzaliwa wa mkoa huu huu wa Mtwara na vijana wanamwimba kama ndugu yao. Nyimbo za namna hiyo studio zimepambwa vyombo vingi. Ukizivua zote ukabaki na gitaa na sauti, nyingine zinasimama na nyingine zinaanguka. Zijaribu chumbani bila kufungulia simu pembeni. Wimbo ukishindwa kusimama chumbani, ufukweni hautasimama.

Kitu kimoja hakijaguswa humu na ndicho kinachoua vikao vingi: urefu wa sauti, yaani wimbo uko juu au chini kiasi gani. Watu wanajifunza wimbo kwa sauti ile ile ya kwenye rekodi, na rekodi imeimbwa na mtu mwenye koo la kazi hiyo. Mhasibu aliyeshiba pweza hawezi kumfuata. Kipimo changu kwa wanaume ni hiki: noti ya juu kabisa ya kiitikio isivuke D, ile ya uzi wa pili freti ya tatu, na ya chini kabisa isishuke chini ya A ya uzi wa tano ukiwa wazi. Wanawake wataimba noti hizo hizo oktavu moja juu, na watakuwa vizuri pia. Pima kiitikio kwanza, maana hicho ndicho cha watu wote. Ubeti ukikupeleka pembeni kidogo ni shida yako binafsi.

Wimbo ukiwa juu, ushushe. Tuseme umeukuta kwenye C, yaani C ndiyo nyumbani kwake, na watu wanakaba koo: shika maumbo yale yale ya G, C na D unayoyajua, weka kapo (kile kibanio cha nyuzi zote) freti ya pili, sasa uko A, na wimbo umeshuka toni moja na nusu, yaani freti tatu. Hata hapo ukiwa juu, toa kapo, uko G. Kwa njia hiyo hutahitaji kodi ya F, ambayo najua ndiyo imekufanya usimamie kodi nne. F iache mpaka vidole vikomae. Kingine, zipange nyimbo mbili tatu za sauti moja zifuatane. Watu wakishazoea kuimba kwenye A, wimbo unaofuata wataudaka hata kabla hujaimba neno. Ukihamisha kapo kila mara wanaanza upya kuitafuta sauti, na katikati ya kutafuta ndipo simu zinapotoka mfukoni.

Kuna nyimbo za kuacha. Za jando na unyago usiziguse, hata kama umezisikia mahali na zimekukaa kichwani. Zina wenyewe na zina mahali pake, na kwenye mchanganyiko wa watu utawaaibisha kina mama. Sindimba iachie ngoma. Taarabu naipenda, lakini mahadhi yake mengi hayakubali kubanwa ndani ya kodi tatu, na wanaoijua watakusahihisha. Pambio na kaswida zinategemea umekaa na nani: Masasi na Ndanda nimekaa kwenye vikao ambavyo nusu ya watu wametoka kwaya na pambio lilikuwa bora kuliko wimbo mwingine wowote, ila kwenye kikao cha kazi chenye dini zote sianzishi mimi. Akianzisha mtu na wengine wakipokea, namfuata.

Na kama mwenye sherehe ameleta spika kubwa za singeli, funga gitaa kwenye mfuko wake ule samaki. Hutashinda. Subiri jenereta izimwe, watakuita wenyewe.

Mambo ya ufukweni kwa haraka. Msimbati imo ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo ulizeni mapema mnaruhusiwa kuwasha moto wapi. Kaa upande upepo unakotokea, sauti iende kwa watu na moshi usikufuate. Gitaa lisikae karibu na moto: nyuzi za chuma zikipata joto hutanuka na sauti inashuka, utakuwa unatyuni kila baada ya wimbo, na gundi ya mbao nayo haipendi joto. Ukirudi nyumbani zipanguse nyuzi kwa kitambaa kikavu, chumvi ya bahari inazila haraka. Za nailoni haziliwi sana, lakini sauti yake ni ndogo na mawimbi yataimeza. Kwa moto wenyewe, vifuu vya nazi vikishashika vinatoa kaa zuri. Makumbi yanatoa moshi wa kufukuza mbu, yawekeni upande wa wale wasiotaka kuimba.

Maneno ya nyimbo yakariri. Mpigaji anayesoma kwenye simu anawapa wengine ruhusa ya kutoa zao.

Kwa Jumamosi yako, ningekuwa mimi ningebeba nyimbo nane, si hamsini: mchakamchaka mbili, moja ya kuanzia na moja ya akiba kikao kikipoa, Sina Makosa, Aiyola, Malaika, Tanzania Tanzania, na nafasi mbili nisingezijaza mwenyewe. Moja mpigie simu mke au rafiki wa karibu wa huyo mnayemuaga, umuulize mwenzenu huwa anaimba nini akiwa jikoni au kwenye gari, ujifunze huo hata kama ni kiitikio tu. Nyingine mwachie yeyote atakayeuanzisha wimbo wake hapo hapo. Akianza, usimkimbilie na kodi. Msikilize mstari mmoja mzima, tafuta noti anayoishia kwenye uzi wa sita au wa tano, hiyo mara nyingi ndiyo nyumbani kwa wimbo, kisha ingia taratibu wakati watu wanapokea. Usipoipata, piga makofi na wenzako.